Ukoo Wangu wa Kusukwa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimekaa kwenye benchi la Mama Foleni tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Nimerudi nimesukwa nusu kichwa. Kulia mistari safi, kushoto msitu. Alipofika katikati akasema njaa inamuuma, nije kesho. Nikamwambia kesho nina shughuli. Akaniuliza, kwani nitakwenda wapi?

Hapo akanipata. Baraza la mji limeruhusu saluni mbili tu katika mtaa huu. Moja ni yake. Ya pili ni ya dada yake, aliyehamia mji mwingine kabla hajafungua mlango hata mara moja. Kufuli limeota kutu. Lakini Mama Foleni anailipia leseni yake kila mwaka na imetundikwa ukutani. Anayesuka humo ni buibui peke yake!

Na mimi najua kusuka kuliko Mama Foleni. Lakini mganga hajigangi.

Baba Mheshimiwa, yaani mume wangu, fundi rangi, aliponiona akacheka mpaka akakaa chini. Akasema upande mmoja wa kichwa unakwenda harusini na mwingine unatoka msibani. Kisha akaacha kucheka, akanikumbusha kwamba kipato chake peke yake hakitutoshi. Kiwanda cha sabuni kinaandika wafanyakazi mwezi ujao, na nafasi yangu ipo. Mtoto haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mama mkwe atakuja mwisho wa mwezi kumchukua Mheshimiwa akamlee kwake.

(Mheshimiwa ni mwanetu. Tulimwita hivyo kwa sababu akiingia, wote tunasimama.)

Mama mkwe ni mtu mwema sana. Hilo ndilo linaloniua. Mtoto atampenda. Atajifunza kusema "mama" huko, na atakayeitika si mimi.

Hapana. Lazima nipate njia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda baraza la mji, kichwa kimefungwa kitambaa. Nimemkuta yule karani ambaye kila mtu anamwita Bwana Leseni. Nikaomba ya saluni. Akasema mtaa wenu umejaa. Nikamwambia, baba, saluni ya pili haijawahi kumtoa mtu hata chawa. Akasema kilichojaa kwenye karatasi kimejaa.

Nikauliza, na nikisuka nyumbani? Akasema kioo changu, viti vyangu na machanuo yangu vitaingia kwenye gunia, na gunia halirudi.

Nimefika mlangoni nikiwa nimekata tamaa kabisa. Pengine alinihurumia. Akaniambia nisihuzunike, naweza kumsuka dada yangu au shangazi yangu, sheria haimkatazi mtu kusuka ndugu zake.

Ndugu!

Nikauliza kwa upole, ndugu wa karibu au hata wa mbali? Akasema ndugu ni ndugu. Nilitamani kumkumbatia. Mheshimiwa mgongoni akapiga kelele ya furaha, au ya tumbo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mambo yameanza! Mama muuza mkaa wa kona amefika wa kwanza. Nikamweleza sheria: hakuna kupita mlango huu bila undugu. Akafikiri, akachagua ushangazi. Mwalimu wa chekechea akataka uwifi, kwa sababu, alisema, wifi ana haki ya kununa bila kuulizwa. Mfua nguo akataka kuwa bibi yangu. Ni mdogo kwangu! Lakini akasema hajawahi kuamkiwa shikamoo na mtu yeyote na roho inamuuma. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba kwa sauti iliyofika barabarani.

Wote wamesukwa, kichwa kizima, kulia na kushoto. Hakuna aliyeambiwa arudi kesho. Wifi alijitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena, akasema alikuwa amesahau kwamba ana shingo.

Mheshimiwa alilala mgongoni muda wote. Kiwanda gani kingeniruhusu hivyo?

Nina akili mimi. Sijui kwa nini shuleni hawakuiona.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kumbe ndugu ni kazi.

Shangazi amekuja bila miadi, saa ya kula. Hakuuliza. Alifunua sufuria mwenyewe, akaniambia chumvi nimebana. Wifi naye amepitisha kidole juu ya kabati, akanionyesha vumbi, akasema kaka yake ataoa mwingine. Huyo kaka hajawahi kumwona hata siku moja! Bibi ndiye mbaya zaidi. Nimemaliza kumsuka rasta za kufika mgongoni, akainuka, akajipangusa, akaaga. Nikamkumbusha malipo. Akashangaa kweli kweli. Akaniuliza ni ukoo gani huu ambao mjukuu anamtoza bibi yake.

Nikamwacha aende. Nilikuwa nimeshamwamkia.

Baba Mheshimiwa amerudi kutoka kazini na rangi ya kijani masikioni, akakuta wifi amekaa kwenye kiti chake anamwita kaka na kumwomba sabuni. Akanivuta pembeni. Akaniuliza taratibu sasa hivi ana ndugu wangapi. Nikamwambia hilo ni suala la kisheria, asiliingilie. Akaenda kula jikoni, amesimama. Hakukuwa na kiti.

Lakini alimpa sabuni. Ndiyo sababu niliolewa naye.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mama Foleni amepita mbele ya nyumba mara kwa mara akidai anatafuta kuku wake. Hana kuku. Benchi lake leo lilikuwa tupu, shangazi kaniambia. Mwisho akasimama dirishani akaniuliza wageni wote hawa ni wa nini. Nikasema ukoo umetembelea. Akasema, hongera, mbona ukoo wako wote una nywele mpya? Nikasema tunapenda usafi.

Akaondoka kwa mwendo wa kasi. Kuelekea upande wa baraza la mji.

Nimekula chakula cha jioni bila hamu. Nimemshika Mheshimiwa mpaka akanisukuma kwa kisigino.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Amekuja! Bwana Leseni, na gunia. Nyuma yake Mama Foleni, mikono kiunoni. Shangazi alikuwa kitini, bibi anasubiri, wifi amepitia tu kukagua kabati.

Nikasema karibu baba, hiki ni kikao cha familia. Akamuuliza mama muuza mkaa, wewe nani? Shangazi yake. Upande gani? Wa baba. Akamgeukia mfua nguo. Huyu naye akajinyoosha, akasema yeye ni bibi, aliyemzaa baba yangu. Bwana Leseni akamtazama shangazi mwenye mvi, akamtazama bibi asiye na hata kunyanzi moja. Akauliza, kwa hiyo huyu ndiye mama yako? Shangazi akasema ndiyo, ila yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa.

Wifi kwa hofu akamkaribisha Bwana Leseni kiti na kumwita shemeji.

Basi gunia likafunguliwa. Kioo kikaingia. Machanuo yakaingia. Mimi sikulia, nilikuwa natazama ukuta tu, pale kioo kilipokuwa, na kuwaza nguo zipi za Mheshimiwa zifungwe kwanza.

Ndipo bibi akawaka! Akamwambia Bwana Leseni, unabeba kioo cha anayesuka, na yule asiyesuka unamwachia ukuta mzima? Nenda kafungue ile saluni yenye kutu! Wanawake wa mtaa huu wanatembea nusu vichwa kama mbuzi walionyolewa wakakimbia!

Bwana Leseni akasimama na chanuo mkononi. Akamuuliza Mama Foleni ikiwa ni kweli. Mama Foleni akakohoa. Akaambiwa mlango ule usipofunguliwa wiki hii leseni itakwenda kwa mwombaji wa mtaa wa pili, bwana mmoja mwenye mashine za kukaushia nywele na wasusi wanaofanya kazi mpaka Jumapili.

Mama Foleni akaiondoa mikono kiunoni. Wasusi mpaka Jumapili! Akanitazama mimi. Akamtazama Mheshimiwa. Akauliza, mwenye leseni akiwa mbali, ndugu yake anaweza kumshikia? Akajibiwa anaweza.

Akasema basi mlango utafunguliwa kesho. Kwamba mtoto wa dada yake alikuwa anangoja tu kichanga chake kikomae kidogo. Bwana Leseni akauliza huyo mtoto wa dada yuko wapi.

Mama Foleni akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa! Mwanangu, umekosa adabu? Msalimie mgeni."

Nikamsalimia.

Bwana Leseni alitutazama mmoja mmoja. Kisha akarudisha kioo ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Akasema tangu azaliwe hajaona ukoo unaozaa haraka namna hii.

Sasa hivi nalia. Mheshimiwa ananipangusa kwa mkono wenye uji.

Jumamosi, tarehe 30 Machi

Saluni yangu inapendeza. Buibui wamehama. Mheshimiwa analala kwenye beseni chini ya meza na wateja wanapunguza sauti wenyewe.

Mama mkwe alikuja kumchukua kama tulivyopanga. Akaona beseni. Akaona kiti. Akakaa kitini akasema basi nimsuke, nauli isipotee bure. Ameondoka mikono mitupu na kichwa kama cha malkia.

Ningefunga siku kwa furaha, ila jioni Bwana Leseni amepita na habari, uso umechanua. Baraza limesikia kilio cha wanawake. Limeongeza nafasi. Mtaa wetu utapata saluni ya tatu! Ni ya mama mmoja kijana mwenye mapacha, anasuka vizuri, hana pa kuwaacha watoto. Wateja wakapiga vigelegele.

Ya tatu ya nini?

Mtaa wenyewe huu, ukipiga chafya umeufikia mwisho! Watu watasukwa mpaka lini? Nywele haziwahi kuota! Nimemwita Mama Foleni, ambaye sasa ni mama mkubwa, tukajifungia. Ni mwanamke mwenye busara, nilikuwa simjui tu. Tumekubaliana kuwa wingi unaharibu kazi. Kesho tunapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kupinga. Ukoo wangu wote utatia, nimeshawahesabu.

Namhurumia yule mama. Kweli kabisa. Na mapacha hawana kosa. Nimeshaanza kuwafumia kofia, za njano, zenye masikio. Nitazipeleka Jumatatu, nikitoka kupeleka saini.