Kanga Kwenye Mlango wa Sauna

Magogoni, Kisauni.

Kwa Shemeji Kaingu,
Kaloleni.

Shemeji mpendwa,

MINT: OMBI LA KUJA KUMCHUKUA MAMA

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu na kwa dada yako Eddah. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi.

Nilipokuwa nikifanya kazi hotelini niliwaona wageni wakitoka kwenye sauna wekundu kama kaa wa kuchemsha, wanatabasamu. Nikaapa nitajenga yangu nyumbani. Majirani waliniuliza nani hujenga chumba cha joto Kisauni mwezi wa Machi. Sikuwajibu, maana hawajasafiri. Mimi pia sijasafiri, lakini nimewabebea mizigo waliosafiri.

Nilichagua kwa makini. Ya umeme niliikataa, stima zetu unazijua; nikachukua ya jiko la kuni. Fundi Gershom alitaka mbao za mnazi, mimi nikashikilia msonobari. Mawe niliyafuata Mazeras mwenyewe. Ndipo mama yenu akaja kututembelea kwa wiki moja, ambayo bado haijaisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama alipoyaona mawe yangu aliuliza ni mafiga ya chungu gani. Akateleka chungu, akakijaza mwarobaini na mkaratusi, akaingia kujifukiza. Msonobari wangu sasa unanuka dawa ya homa.

2. Akiingia hutundika kanga yake mlangoni, nayo imeandikwa HAPA NDIPO KWANGU. Haiondoki. Wewe ni mtu wa heshima, unajua mkwe hawezi kuvua shati palipo na kanga ya mama mkwe. Mwenye sauna sijaingia hata mara moja.

3. Amewaita akina mama wa kanisani: mwenye mgongo, mwenye kifua, na Milcah ambaye haumwi kitu. Hucheka mle ndani hata mimi huku uani siisikii redio yangu. Mgeni akibisha hodi kuniulizia, huulizwa kwanza anaumwa wapi.

4. Juzi nilipita na taulo begani, nikaambiwa kwa upole kwamba leo ni zamu ya wanawake. Zamu ya wanaume haijapangwa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uje Jumamosi umrudishe mama Kaloleni. Ikishindikana, uje uiondoe kanga peke yake. Na hilo likishindikana, nitahamia kwako mimi. Dada yako amelikubali wazo hili upesi kuliko nilivyotarajia.

Nisalimie Sarah mkeo, watoto, na wote wanaooga kwa amani.

Ndimi shemejiyo, mkavu kabisa,
Nguma.

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani, mama akamwomba Eddah amsomee. Alfajiri alifunga mzigo wake akaondoka, kwa hiyo huenda umekaa naye hapo unaposoma. Jioni nikawasha jiko, nikaingia peke yangu. Shemeji, mle ndani ni joto tu. Ni lile lile la barazani, ila hili limefungiwa mlango. Akina mama walifika na majani yao, wakaambiwa mama hayupo, wakaenda zao bila kunisalimu. Eddah hasemi nami, na kwa kweli nimeona haya.

Tafadhali mlete Jumamosi hiyo hiyo. Kanga yake ameiacha mlangoni, nami sijaigusa. Mwambie kilichoandikwa pale bado ni kweli.