Soksi za Kuyeyusha Damu

Sabuni hakwenda hospitali kwa sababu alikuwa anaumwa. Alikwenda kukaa. Kukaa ilikuwa kazi, tena kazi halali kabisa ukimsikiliza yeye mwenyewe: unawahi alfajiri, unakamata nafasi ya mbele kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, halafu anapoingia mtu mwenye haraka na pochi nene, unamwachia nafasi kwa makubaliano mazuri na kurudi nyuma ukichechemea. Jina la Sabuni alipewa mtaani, kwa kuwa kila aliyejaribu kumshika alibaki na kiganja kitupu.

Ubavuni mwake alikaa Shemeji, mjane wa kaka yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na kazi yake katika biashara ile ilikuwa kukohoa. Alipokohoa yeye, benchi zima lilisogea, na nafasi ya kuuza ilipanuka.

Asubuhi hiyo muuguzi mmoja mwenye sauti ya dalali alisimama mbele ya watu kutoa somo.

"Leo nazungumzia damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu," akasema. "Wewe unayekaa kutwa nzima ofisini, nakuambia wewe. Wewe unayesafiri safari ndefu bila kunyoosha miguu. Uliyepasuliwa ukalala kitandani wiki nzima. Uliyefungwa plasta. Mjamzito, na aliyejifungua juzijuzi. Mvutaji sigara. Mwenye mwili mkubwa kama mimi. Anayetumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Na kama kwenu ugonjwa huu upo, au ulishawahi kukupata, ongeza tahadhari."

Mzee mmoja aliyekuwa amekunja miguu akaikunjua.

"Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, rangi ikabadilika, usikae nyumbani ukaukanda! Njoo upimwe. Lile donge likikatika na kupanda mpaka kwenye mapafu, unaishiwa pumzi, kifua kinabana, na hapo tunazungumza habari nyingine."

Akaendelea na habari za dawa na soksi, na watu wote walimtazama yeye. Sabuni peke yake aliwatazama watu. Aliona karani akijibonyeza mguu. Aliona mama mmoja akilinganisha vifundo vyake viwili, akavilinganisha tena. Hofu yote hiyo ilikuwa imekaa pale bure, haina mwenyewe, haina bei! Moyo wa mfanyabiashara ukamruka.

"Umesikia?" akamnong'oneza Shemeji. "Kasema kuna soksi maalumu za kubana miguu."

"Kasema mpaka daktari akuandikie," Shemeji akajibu.

Hakukohoa tena asubuhi ile.

Bidhaa ilipatikana sokoni, kwenye gunia la soksi za wachezaji mpira ambazo muuzaji alikuwa amezikatia tamaa. Sabuni alizichovya kwenye rangi mpaka zikawa na weusi wa kitaalamu, akazipa jina la Soksi za Kuyeyusha Damu. Kisha akatengeneza mashine. Ilikuwa ni redio iliyokufa, ikatiwa taa nyekundu ya baiskeli na injini ya mashine ya kinyozi iliyokuwa ikinguruma ndani kwa ndani. Ukiipitisha juu ya mguu, ilitoa majibu ya aina mbili tu: hatari, na hatari sana. Sayansi haitaki maneno mengi.

Kwa muda mfupi Sabuni akawa Daktari wa Mishipa. Alivaa koti jeupe, akaingia kwenye vituo vya teksi, kwenye ofisi za makarani, popote penye watu wanaokaa. Shemeji alitangulia akiwa amefunga mguu bendeji, akavalishwa soksi mbele ya watu, akaondoka akicheza. Watu walinunua, na cha ajabu, waliridhika.

Ndipo alipofika kwenye kiwanda cha Madamu.

Kilikuwa ukumbi mrefu wenye safu za vyerehani, mafundi wameinama tangu asubuhi, na mwishoni, nyuma ya meza kubwa, alikaa Madamu mwenyewe na mguu wake juu ya kigoda. Alivunjika kifundo alipoteleza kwenye ngazi, na plasta ilikuwa imetolewa karibuni. Mama huyo alijulikana mji mzima kwa kubana matumizi. Ilisemekana hata kuchekacheka alikuwa akichekea puani, asipoteze pumzi.

Aliigeuza soksi mkononi. Akaitazama kisigino. Akaivuta, akaiachia.

"Daktari," akasema, "hizi nazitaka. Nitawauzia mafundi wangu wote, nitawakata kwenye mishahara. Unaweza kuniletea nyingi?"

"Mama, naweza kukujazia ukumbi huu!"

"Tatizo langu siyo hela. Tatizo langu ni matapeli. Mji umejaa." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Utaweka dhamana kwangu. Siku ukileta mzigo na kutupima sote, nakurudishia dhamana yako pamoja na malipo mara dufu ya bei unayouza huko nje."

Mara dufu! Sabuni, aliyewaonya watu wengi maishani wasimwamini mtu anayeongea vizuri, alikwenda nyumbani, akafukua chini ya godoro, na kesho yake akaweka mezani kwa Madamu kila kitu alichovuna kwenye miguu ya wenzake. Madamu akafungia kwenye kabati la chuma.

"Huyu mama ananipa wasiwasi," Shemeji alimwambia njiani.

"Huyu mama ni mshamba wa biashara."

Siku ya mzigo ikafika. Sabuni aliingia na magunia yake, akapima mafundi mmoja mmoja. Hatari. Hatari sana. Mafundi walihuzunika kwa zamu. Hatimaye akafika mezani kwa bosi.

"Na mimi nipime, tumalizane," Madamu akasema. Akapandisha gauni mpaka gotini.

Sabuni aliinama na mashine yake inayonguruma, na akabaki ameinama.

Mguu wa kulia ulikuwa mguu wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi chini ya goti, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, rangi imegeuka. Aliugusa. Ulikuwa wa moto.

"Huo tangu plasta itoke umekuwa hivyo," Madamu akasema. "Unauma nikikanyaga. Binti wa kazi ananikanda kila jioni."

"Asikukande!" Sabuni akapaza sauti, mpaka vyerehani vikanyamaza.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na bendeji yake ya uongo. Alipouona ule mguu, uso ulimbadilika. Alimshika Sabuni mkono, akamvuta pembeni kwenye marobota ya vitambaa.

"Mguu huu naujua," akasema kwa sauti ya chini. "Ndio mguu wa kaka yako."

Sabuni aliutazama tena mguu wa Madamu. Kaka yake alivunjika mguu kazini, akalazwa ndani kwenye godoro, mguu ukavimba, na jamaa wote wakasema ni mfupa unaunga. Kila jioni Sabuni mwenyewe alipasha mafuta, akamkanda kwa upendo wote. Siku moja asubuhi kaka akasema kifua kinambana, akasimama aende mlangoni apate hewa, akaanguka. Watu walisema amerogwa. Sabuni akagombana na majirani, mpaka yeye na Shemeji wakahama nyumba.

"Ulikuwa hujui," Shemeji akasema. "Hata mimi nilikuwa sijui. Lakini leo tunajua. Ukichukua hela ya huyu mama ukamwacha hapa na mguu ule, mimi na wewe basi."

Tatizo la Sabuni lilikuwa hili: Madamu akifika mbele ya daktari wa kweli, biashara imekufa, na malipo mara dufu yamekufa nayo. Alilitazama lile kabati la chuma kama mtu anayeaga ndugu kituoni. Kisha akarudi mezani.

"Mama, achana na soksi. Nenda hospitali sasa hivi."

Madamu akakunja jicho. "Unanipandishia bei."

"Sikupandishii. Sitaki hata hela yako."

"Ahaa! Mtu anayekataa hela nimeshamwona. Huwa anataka nyingi zaidi."

"Mama, hizi soksi hazitakusaidia. Mashine hii ni redio!"

"Redio," Madamu akarudia, akicheka puani. "Na mimi ni nesi."

Sabuni alikuwa amewadanganya watu nusu ya mji bila kutoka jasho. Sasa alikuwa anasema kweli tupu, anatoka jasho mpaka mgongoni, na hakuna anayemwamini. Aliona Madamu akivuta pumzi fupifupi kwa kuinuka tu kwenye kiti, na hapo akaamua kurudi kwenye fani yake.

Akainama, akapunguza sauti.

"Haya, umenishinda. Nilitaka jambo hili nilile peke yangu. Pale hospitali, wagonjwa wanaopasuliwa huvalishwa soksi za kubana wodini. Wodi nzima, mama. Mkuu wa pale anatafuta mtu wa kumletea, na anamtaka mwenye kiwanda chake. Mimi sina kiwanda."

Mkono wa Madamu ukaacha kuzungusha kalamu.

"Mwenye kiwanda," akasema polepole.

"Lakini ana masharti. Hazungumzi na mtu asiyejua bidhaa inafanya kazi gani. Kwanza anampima mguu kwa mashine yao ya picha, ndipo anakaa naye kitako."

"Leo yupo?"

"Leo yupo. Kesho anasafiri."

Madamu aliita teksi kabla hajavaa kiatu cha pili. Nauli alilipa Sabuni, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Njiani Madamu alitaka kujua ukubwa wa wodi na idadi ya vitanda; Sabuni aliongeza vitanda kila dereva alipochelewa kwenye foleni.

Walipofika, Shemeji alikwenda moja kwa moja mapokezi. "Mguu mmoja umevimba, wa moto, ametoka kwenye plasta, na pumzi zake fupi," akasema, na mara hii hakukaa mtu benchi wala kuuziwa nafasi. Kiti cha magurudumu kililetwa mbio.

Madamu aliingizwa chumba chenye giza, akapakwa uteute wa baridi mguuni, na daktari kijana akapitisha kifaa huku akitazama kwenye kioo. Akakibonyeza kwenye kinena, akateremka mpaka nyuma ya goti. Mshipa wenye afya hulala ukibonyezwa. Wa Madamu ulibaki umesimama. Ndani yake kulikuwa na donge. Baadaye walimpiga na picha ya kifua, wakachukua damu, na kabla ya yote kukamilika alikuwa ameshachomwa sindano ya dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda.

"Nani alikwambia uje?" daktari akamuuliza.

"Mtaalamu wangu."

Daktari alitoka nje na kumkuta mtaalamu akiwa nusu dirishani, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Daktari mwenzangu!" akamshika mkono. "Umefanya kazi kubwa. Umesomea wapi?"

"Huko huko," Sabuni akasema, akionyesha upande ambao haukuwa na chuo wala shule.

Jioni waliitwa wodini. Madamu alikuwa ameegemea mto, sindano mkononi, macho makali yaleyale.

"Mkuu wa hospitali yuko wapi?"

Sabuni akafunga kifungo cha koti lake. "Hayupo, mama. Nilikudanganya. Ningekwambia kweli usingekuja, nilijaribu."

Madamu akauweka mto vizuri. "Daktari amesema bado siku chache tu lile donge lingenimaliza. Kipande kidogo kimeshafika kifuani." Akajifuta jicho upesi, kama mtu anayefukuza inzi. "Sasa na mimi nikwambie. Soksi zako nilizijua siku ya kwanza. Kisigino kimekaa juu ya mahali pake. Zilishonwa kwangu, fundi akakosea, timu ya mpira iliyoziagiza ikazikataa, nikaziuza gunia kwa gunia sokoni."

"Zako?" Sabuni alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambaye alilalamika. "Basi dhamana yangu..."

"Dhamana yako niliihesabu kuwa yangu tangu ulipoiweka mezani. Leo ungemaliza kupima, ningekuita tapeli mbele ya mafundi na kukutoa mbio. Ulipotaja mwenye kiwanda, nikasema kumbe Mungu ananiongezea. Nilipanga kuingia kwa mkuu peke yangu na kukuacha hapo nje."

"Mama, nimekuokoa maisha!"

"Umeniokoa. Na pesa zako zimelipia kitanda, picha na sindano. Nilimtuma binti wa kazi aje nazo. Unataka nizitapike?"

Sabuni alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hapana," akasema mwishowe. "Pona tu."

"Nitapona. Vidonge vya miezi, na nisikae kama gunia. Wewe, mama," akamgeukia Shemeji. "Ulichomwambia mtu wa mapokezi nilikisikia. Kiwandani kwangu watu wanakaa kutwa. Nataka mtu wa kuwainua, watembee, wanywe maji, na akiona mguu umevimba aniambie kabla haujawa kama huu wangu. Mshahara upo. Huyu asikanyage."

Shemeji alifungua bendeji ya uongo mguuni, akaikunja vizuri, akamkabidhi Sabuni. "Nakuja kesho asubuhi," akamjibu Madamu.

Hivyo Sabuni akatoka wodini bila akiba, bila mtaji na bila mtu wa kumkoholea. Hata hivyo, alipofika koridoni aligundua kwamba kitu fulani kilichomkaa kifuani tangu msiba wa kaka yake kilikuwa kimelegea, na hilo lilimuudhi, maana halikuwa na faida yoyote ya wazi.

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi ukutani akamvuta koti. Habari zilikuwa zimeshasambaa.

"Wewe ndiye yule mtaalamu wa mishipa? Samahani, daktari. Nimetoka safari ndefu, na mguu huu tangu jana siuelewi. Hebu nitazamie."

Sabuni akautazama. Ulikuwa umevimba, na mwenzake haukuvimba.

"Usiukande. Inuka taratibu, nenda dirisha lile la mapokezi, sema mguu ni mmoja na umetoka safari. Wakikwambia subiri, paza sauti."

Mtu yule aliingiza mkono mfukoni, akatoa pochi. Ilikuwa nene. "Nikupe kiasi gani?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, mikono kifuani, anamtazama. Sabuni aliitazama pochi, akamtazama Shemeji.

"Bure," akasema, na neno lilimtoka kwa taabu, kama mtu anayetema mfupa.