Nani Atavuka Vidda na Bibi

Jumamosi, 2 Machi

Bibi Oddlaug ametangaza leo, mdomo umejaa mkate, kwamba goti lake limezeeka kuliko yeye mwenyewe. Pasaka hii hatavuka Vidda, uwanda wa theluji juu ya bonde letu, peke yake. Atachukua mjukuu mmoja wa kukokota sleji ya pili, chombo cha kuburuta mzigo thelujini. Mmoja tu! Na mezani tulikuwa wajukuu wawili: mimi na binamu yangu Sunniva.

Niliacha kutafuna.

Vidda! Naishi chini yake tangu nizaliwe na sijawahi kuiona. Nimeishia kwenye miti ya mibetula ya bondeni. Baba anasema huko juu miti inakoma, kisha hakuna kitu mpaka macho yachoke. Kila Pasaka Bibi hupanda huko na mbao zake za ski miguuni, hema na mzigo nyuma yake, akarudi uso umeungua kwa jua, na hasemi aliona nini. Ukimuuliza, anajibu palikuwa pazuri. Basi. Anaomba kahawa.

Amesema kila mmoja wetu achague sleji na vifaa ghalani kwake, afunge mzigo mwenyewe, na Jumapili ya tarehe kumi tupande naye hadi mbetula wa mwisho. Atatutazama, kisha ataamua. Sunniva akauliza atatazama nini hasa. Bibi akasema akijua atatuambia.

Lazima niwe mimi. Nimesali. Pia nimeanza kupanga mbinu.

Jumapili, 3 Machi

Ghala la Bibi! Niliingia polepole, kama kanisani. Harufu ya lami, sufu na moshi wa zamani. Jiko dogo la shaba linalong'aa kuliko vikombe vya ushindi shuleni. Ngozi za kulungu za kulalia: nilitumbukiza mkono, kiganja kikapotea kwenye manyoya, na joto likaja papo hapo, kana kwamba mnyama bado yumo. Vitu hivi vimelala mahali ambapo mimi sijakanyaga. Nilivigusa kimoja kimoja. Sunniva akaniuliza kama navipima homa.

Sleji zilikuwa mbili. Moja nyekundu, ndefu, tumbo laini kama mtumbwi, yenye fito mbili ngumu zinazoshikana na mkanda wa kiunoni. Nyingine ya plastiki, ya bluu, ya watoto kuchezea mlimani, yenye kamba. Kila mtoto wa huku anajua tofauti. Fito huizuia sleji isikukimbilie kwenye mteremko. Kamba haizuii chochote.

Sunniva ni mkubwa kwangu kidogo, kwa hiyo anachagua kwanza. Mbinu yangu: kuisifu ile ya bluu mpaka aitamani. Nikasema nyepesi ajabu! Nikasema wasafiri wa kisasa hawataki kingine. Nikasema ile nyekundu itamkata kiuno. Nilizungumza vizuri mno. Mwalimu wangu wa lugha angelia kwa furaha.

Sunniva alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Maskini mdogo wangu, kumbe unaipenda hivyo! Basi chukua wewe. Mimi nitavumilia hii mbaya."

Bibi akasema Sunniva ana moyo mzuri.

Jumatano, 6 Machi

Nimetafakari. Sleji duni huokolewa na mzigo bora.

Sunniva amefunga mfuko wa kulalia, ngozi, jiko, sepetu na chakula. Mzigo wa mtu asiye na ndoto. Mimi nimeongeza kile chuma kizito chenye mikono mirefu, cha kuokea mikate ya umbo la mioyo juu ya moto. Kilikuwa kabatini kwetu tangu Krismasi. Unga uliokorogwa nimeutia kwenye chupa. Na jemu! Nimeshaiona picha yote: Bibi ameketi juu ya ngozi chini ya mbetula wa mwisho, mkate wa moto mkononi, chozi linamtoka, ananitaja jina.

Baba alijaribu kuinua upande mmoja wa sleji. Akauliza kama nimebeba kengele ya kanisa. Nikamjibu kwamba ni vifaa vya lazima. Akauliza sepetu iko wapi. Sepetu ilikosa nafasi. Akairudisha bila kunitazama na kuutoa mto wangu wa manyoya. Watu wakubwa hawaelewi usafiri.

Ijumaa, 8 Machi

Jaribio kwenye kilima nyuma ya shule. Kupanda: vizuri, ingawa nilihema kama treni. Kuteremka: sleji ilinipiga visigino. Nikaanguka. Nikasimama. Ikanipiga tena, palepale, kwa uangalifu.

Sunniva alikuwa ameegemea fimbo zake akitazama. "We Jorunn, imekuzoea hiyo! Inakufuata kama mbwa. Mpe mfupa!"

Baba ameshauri nizungushe kamba nene chini ya sleji ili ikwaruze theluji na kupunguza kasi. Nimemwambia nitafikiria. Kamba chakavu chini ya tumbo! Bibi akiona atasemaje?

Jumamosi, 9 Machi

Mbinu ya mwisho, na ndiyo kubwa. Nta ya kupaka chini ya ski ili zishike theluji!

Redio imesema kesho joto litapanda na theluji italowa. Katika theluji iliyolowa, ski zilizopakwa nta ngumu huteleza kinyumenyume, mtu akabaki anapiga hatua mahali pamoja. Sunniva amepaka nta ngumu ya baridi, maana yeye hasikilizi redio. Mimi nimepaka ile laini inayonata kama asali. Nimepaka kwa ukarimu. Ipo kwenye ski, kwenye nywele na kwenye mlango wa friji.

Sikumwambia Sunniva. Dhamiri ilinisumbua kidogo wakati wa chakula. Nikampa viazi vyangu. Sasa tuko sawa.

Jumapili, 10 Machi

Redio ilikosea! Tuliamka kwenye baridi kali na theluji mpya, kavu kama unga wa ngano. Na nta ya kunata hupenda theluji kavu kuliko kitu chochote duniani.

Hatua chache tu nilikuwa nimerefuka. Theluji iliganda chini ya ski zangu, ikaongezeka, ikawa visigino. Nikampita Sunniva kwa kimo. Nikampita Bibi. Nilitembea kama mtu aliyepanda juu ya mikate miwili, na nyuma yangu kengele ya kanisa.

Sunniva alirudi kunikwangulia ski kwa kisu. Akasema, "Ungeniuliza tu, mjinga wewe. Toka alfajiri mbwa wa jirani alikuwa ananyanyua miguu kwa zamu kwa baridi. Redio ya nini?" Alinikwangulia tena na tena. Bibi alisubiri mbele, mgongo umetugeukia.

Kisha mibetula ikawa mifupi. Ikanifika begani. Ikanifika kiunoni. Ikabaki mmoja, umepinda, na baada yake hakuna mwingine.

Nilisimama.

Sijui niandikeje. Palikuwa na weupe, na nyuma yake weupe mwingine wenye buluu kidogo, kisha mbingu, na sikuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Upepo ulikuwa ukitembeza theluji chini chini kama moshi, kuanzia upande usioonekana kwenda upande usioonekana, na haukuwa na haja nasi. Kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia damu yangu masikioni. Nilikuwa mdogo. Sijawahi kuwa mdogo namna ile, na haikuniuma hata kidogo. Nilisahau nta. Nilisahau mikate. Nilisahau kwamba natazamwa.

Sunniva akafika na kusema, "Ndiyo hii? Mbona hakuna kitu?" Kisha akaeleza kuhusu vidole vyake, na mtihani wa hesabu, na mwalimu anayenuka samaki.

"Hakuna," akasema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyesifiwa mtoto wake.

Kurudi. Niliteleza kwa heshima mpaka kwenye mteremko wa kwanza. Hapo sleji ikanikumbuka. Ilinipiga visigino, nikakaa ndani yake, ski juu kama pembe, tukaondoka. Nilimpita Sunniva. Nilimpita Bibi. Nikamsalimia, maana huku watu hawapitani mlimani bila salamu. Akaitikia.

Walinikuta kwenye kichaka cha bondeni. Jemu kila mahali. Bibi alikuja taratibu, ameshika kile chuma alichokiokota njiani. Nikafumba macho.

Akasema amekitafuta chuma hicho tangu Krismasi.

Jumatatu, 11 Machi

Bibi amekuja kwetu kunywa kahawa, Sunniva nyuma yake. Bibi amenywa kikombe chote. Akaomba kingine. Niliikalia mikono yangu.

Ni mimi! Ni MIMI!

Akasema Sunniva anafunga mzigo vizuri na anateleza vizuri kuliko wote. Lakini anaongea. "Siku ya pili tu ningemzika kwa sepetu yake mwenyewe." Jorunn, akasema, alisimama pale juu kinywa wazi na hakikutoka kitu. Mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nilidhani Sunniva atalia. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema nendeni zenu mkagande, yeye Pasaka atakuwa kwenye kochi na machungwa na vitabu vyake vya mauaji, kama watu wenye akili.

Kuna sharti. Nitakokota ile nyekundu, Bibi atafunga mzigo wote, na mimi sitaongeza kitu cha ghalani wala cha jikoni. Sitabuni chochote. Niliinua mkono nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikatazama kule juu, nikalia kidogo.

Jumamosi, 23 Machi

Kesho! Mzigo umefungwa. Bibi amefunga mafundo ambayo siwezi kuyafungua, nimeyajaribu.

Nimekuwa mtu mwingine. Sina mbinu. Ninachofikiria ni weupe ule tu, na kwamba kesho hatutaishia pale, tutaingia ndani yake.

Redio inasema upepo utatoka nyuma yetu siku zote, wenye nguvu, bila kukoma. Nimewaza goti la Bibi. Sleji yenye tanga ingejiendesha yenyewe, na Bibi angeweza kuketi juu yake kama malkia. Kinachohitajika ni kitambaa kikubwa kisichopitisha maji. Ahadi yangu ilihusu ghala na jiko. Bafu halikutajwa.

Pazia la kuzuia maji limekunjika vizuri, linaenea ndani ya koti.

Baba anaita kutoka bafuni. Anauliza kwa nini maji yanafika sebuleni. Nitamweleza tukirudi.