Mabati ya Nemesio

Jumatano, 19 Juni

Nemesio ameezeka mabati. Mapya! Yanang'aa mpaka nakunywa kahawa nimeupa mlango mgongo. Kijiji kizima tuna paa za majani, yeye peke yake mabati. Kwani sisi si tulifundwa uganga na mwalimu mmoja? Si tunachemsha ayawaska ileile, dawa ileile ya maono, kamba ileile ya msituni, uchungu uleule? Lakini kwake wanakuja askari wastaafu wanaopiga mayowe usingizini, na sasa amefika daktari wa akili kutoka Lima, Daktari Yrigoyen, kuandika jinsi dawa yake inavyowarudishia watu usingizi. Kwangu anakuja Abelardo mwenye kidonda cha mguu. Na hata huyo juzi nimemwona akichechemea kuelekea kule.

Hayo ningevumilia. Ila leo, akiosha vyombo, dada yangu Orfelinda kasema naye anakwenda kwa Nemesio. Dada yangu wa tumbo moja! Tangu boti izame mtoni Ucayali na mume wake ndani, mvua ikigonga paa tu anaruka kitandani akimwita. Hapati usingizi. Amekonda hadi pete inamchomoka kidoleni. Nikamwambia mganga yupo hapahapa, wa damu yake. Akasema, "Kaka, ya kwako nilishakunywa, nikaambulia kuharisha." Hayo ndiyo maneno ya kumwambia kaka?

Ijumaa, 21 Juni

Nimepata mpango. Siri ya Nemesio ni wimbo! Kila mganga ana nyimbo zake alizopewa na mimea huko porini, na wanasema yeye anao mmoja unaong'oa huzuni kama mwiba. Mimi mimea ilinipa wimbo wa kikohozi. Basi nitajifanya mgonjwa, nitaukariri wa kwake, kisha nitamponya Orfelinda mwenyewe. Nemesio kwisha habari yake.

Nimekwenda kujiandikisha. Daktari akauliza kama natumia vidonge vya moyo au vya akili, maana havipatani na dawa hii. Situmii. Akauliza nina jeraha gani. Nikasema niliumwa na kasuku utotoni, roho haijapona mpaka leo. Akauliza ni kitu gani hasa kinachoninyima usingizi. Nusura niseme mabati.

Nemesio akatuwekea mwiko, mimi na Orfelinda. Hakuna chumvi, sukari, pilipili, mafuta, nguruwe, wala kulala na mtu. (Hilo la mwisho kwangu si kazi.) Dawa na chumvi haziketi tumboni pamoja, hapa hata mtoto anajua. Tutakunywa Jumanne. Jumanne! Siku moja tu baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wakati mto mzima unakula juane, wali wetu wa sikukuu! Amefanya makusudi. Analijua tumbo langu tangu ujana.

Jumatatu, 24 Juni

Sikukuu. Watu wote mtoni, wanaoga, wanacheza ngoma, wanafungua juane. Wali wa manjano, paja la kuku, yai, zeituni, vyote vimefungwa kwenye jani na kuchemshwa. Sisi wawili tumekaa kibarazani na ndizi mbichi ya kuchemsha na samaki asiye na ladha. Orfelinda anakula bila kunung'unika. Nikamuuliza hatamani hata kidogo. Akasema anatamani kulala.

Jioni nimekula juane. Nyuma ya choo, haraka, nimesimama. Moja tu. Halafu nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Mganga wa ngazi yangu ana tumbo lililozoea. Mwiko umewekwa kwa ajili ya wagonjwa.

Jumatano, 26 Juni

Aibu! Lakini naandika.

Jana tuliketi kwa duara gizani kwa Nemesio, pamoja na askari wake na daktari, kila mtu na ndoo yake ya kutapikia. Tukanywa. Nemesio akaanza kutikisa shada la majani na kuimba, nami namfuatisha kwa kunong'ona, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshika nusu ya wimbo. Kisha juane zikarudi. Zote mbili.

Mengine nimesimuliwa na Orfelinda. Eti nilipaza sauti kwamba juane kubwa kama ng'ombe, yenye uso wa Nemesio, imeketi juu ya mabati inaniita mwizi. Eti nikaiomba radhi. Nikatangaza mbele ya wote kwamba kasuku hajawahi kuniuma, kwamba nimekuja kuiba wimbo, kwamba wivu unanitafuna hata nikiwa chooni. Kisha nikakumbatia goti la daktari nikimsihi anishushe kutoka kwenye paa.

Askari wakacheka. Na Orfelinda akacheka! Hajacheka tangu boti ile. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, kile alichokuwa amekifungia kifuani. Nemesio akahama akaketi karibu yake, akaimba polepole sana. Nikasahau hata kukariri.

Alfajiri ikanyesha. Mvua ya nguvu, juu ya mabati, kelele kama kokoto zinamwagwa. Nikamtazama Orfelinda, nikingoja aruke. Hakushtuka. Alikuwa amelala mdomo wazi. Nililia kwa furaha, nakiri, na safari hii si kwa sababu ya dawa.

Tukiondoka Nemesio akanishika bega. Akasema, "Ndugu yangu, dada yako kapata nafuu. Wewe dawa imekuonyesha ugonjwa wako. Njoo tuutibu, bure kabisa. Ila acha juane." Bure! Kwa sauti ya upole vile, mbele ya daktari!

Jumapili, 30 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Orfelinda alianza kupona alipocheka. Alicheka kwa sababu ya nani? Mimi. Kwa hiyo aliyemponya ni nani? Nimemwambia Daktari Yrigoyen aliandike hilo, na jina langu, Wenceslao, lisikosewe. Ametabasamu sana. Nadhani ameguswa.

Nimepaka kibao rangi nikakitundika mlangoni: WENCESLAO, MGANGA WA HUZUNI, KWA NJIA YA JUANE. Abelardo amepita, akasoma, akachechemea mbele. Orfelinda naye kaomba kazi jikoni kwa Nemesio, kuwachemshia wagonjwa ndizi. Hana shukrani!

Mchana huu mvua inanyesha. Orfelinda amejilaza chumba cha pili, anakoroma kama mzee. Nami nilitaka kusinzia kidogo, lakini wapi. Nemesio ameongeza mifereji kwenye mabati yake, na nasikia maji yote yanavyoingia kwenye pipa. Pipa jipya.