Sauti Moja ya Wanafunzi Wote

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye ubao, likiwa limepigwa mhuri juu, chini na katikati ili mtu asije akasema hakuliona. "Serikali ya Wanafunzi," lilisema, "inayo furaha kuwapumzisha wanafunzi wote kazi ya kusema. Kuanzia leo Serikali itasema kwa niaba yao. Ahsanteni kwa kunyamaza."

Rais wa Serikali ya Wanafunzi, ambaye chuo kizima kilimwita Mheshimiwa na mwenyewe hakukataa, hakulitoa jambo hili kichwani. Alilitoa kwenye katiba. Ukurasa wa kwanza kabisa ulieleza kwamba Serikali ya Wanafunzi ndiyo sauti ya wanafunzi. Marais waliomtangulia walipita pale mbio mbio. Yeye alisimama.

"Haijasema sisi ni mojawapo ya sauti," alimweleza Katibu wake, akiwa amejinyoosha kwenye sofa la ofisi. "Imesema sisi ndio sauti. Sasa hao wanaopiga kelele huko nje wanatumia nini?"

"Midomo yao," alisema Katibu, dada mmoja asiyepoteza maneno.

"Wanatumia mali ya serikali bila kibali."

Kelele zenyewe zilitoka Bweni la Chini. Paa la huko lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka uliopita, na wakazi wake walikuwa wamemchagua mwenzao mmoja awe anakwenda kusema. Walimwita Spika, kwa sababu akicheka kantini, maktaba walimwambia apunguze. Kila mvua iliponyesha, Spika alikuwa mlangoni kwa Mheshimiwa, viatu vinachuruzika.

"Mheshimiwa, tunalala tumekumbatia ndoo. Jana mwenzangu kaamka kalowa mpaka soksi."

"Hayo umeyasema kwa sauti ya nani?"

"Yangu."

"Unaona tatizo linapoanzia?"

Spika alimtazama. Kisha akatazama dari la ofisi, lililokuwa kavu na limepakwa rangi juzi tu. Akafunga mdomo. Tangu hapo hakuufungua tena, na chuo kizima kikafuata mfano wake.

Lazima isemwe kwamba utekelezaji ulifana. Mwalimu wa hesabu alipouliza swali, darasa zima lilimgeukia Waziri wa Majibu, kijana aliyekuwa anasomea ufugaji wa kuku. Alijibu kwa kujiamini kabisa kwamba inategemea na chakula wanachopewa. Kwenye zahanati ya chuo, Naibu Waziri wa Maumivu aliwasemea wagonjwa wote, na aliyeumwa jino akarudi bwenini na goti lililofungwa bandeji vizuri sana.

Mheshimiwa mwenyewe alipata uthibitisho pale mbele ya maktaba. Njia ilikuwa imemwagwa saruji mbichi, na wanafunzi walikuwa wamekaa ukutani wakimtazama anakuja, simu sikioni. Walimtazama alipokanyaga. Wakamtazama alipozama mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Hamkuweza kuniambia?"

Wote kwa pamoja walinyoosha vidole kuelekea ubao wa matangazo.

Mafundi walipokuwa wanamchomoa viatu, Mheshimiwa aliona fahari ya ajabu. Nidhamu ya namna ile hakuwahi kuiona hata kwenye msiba.

Aliyebaki kumsumbua ni mama yake, ambaye hakuwa mwanafunzi na kwa hiyo alikuwa nje ya mamlaka yake.

"Hivi huko kazi yako hasa ni ipi?" aliuliza kwenye simu.

"Mimi ni sauti, mama."

"Hata redio ni sauti, na bado naipangusa vumbi. Lile paa ulilonisimulia umelitengeneza?"

"Siku hizi hakuna anayelalamika, mama."

"Hakuna anayelalamika, au hakuna anayelowa?"

Mheshimiwa akasema mtandao unasumbua.

Hakutaka kuvurugwa akili, kwani uchaguzi ulikuwa umekaribia na alikitaka kipindi cha pili kama mtu anavyotaka hewa. Rais alipewa sofa, birika la umeme, na zaidi ya yote chumba cha kulala nyuma ya ofisi, chini ya lile dari kavu. Ushindi ulikuwa mkononi. Katiba ilimtaka kila mgombea ajinadi kwa mdomo, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamepumzishwa, alijinadi peke yake. Alisema mpaka koo likakauka. Hakuzomewa hata na mtu mmoja.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Mlezi wa Wanafunzi, mwalimu mzee anayetafuta miwani huku ameivaa, alipanda jukwaani.

"Kwanza, natangaza kwamba serikali iliyopo imevunjwa rasmi." Mheshimiwa alipiga makofi kuliko wote. "Pili, mgombea akiwa mmoja, katiba inataka athibitishwe kwa sauti ya wanafunzi. Wanaomkubali waseme ndiyo."

Kimya. Kiti kimoja kililia, mwenyewe akakibana kwa magoti.

"Wanaomkataa waseme hapana."

Kimya kilekile.

Mheshimiwa akasimama, jasho limeanza kumtoka. "Ndiyo! Nasema ndiyo kwa niaba yao wote!"

"Unasema kama nani?" aliuliza Mlezi.

"Kama Rais."

"Serikali nimeivunja sasa hivi. Umepiga makofi."

"Basi nasema kama mwanafunzi!"

Ukumbi mzima, kuanzia viti vya mbele mpaka waliosimama madirishani, uliweka kidole mdomoni. Katibu, ambaye naye alikuwa amevunjwa, alimpelekea tangazo na kumwonyesha mihuri, juu, chini na katikati.

Mlezi alitangaza kwamba kiti kiko wazi mpaka uchaguzi urudiwe, na kwamba katiba inamtaka ateue kaimu. Alimteua Spika. Hakuna aliyepinga.

Mheshimiwa akakabidhi ufunguo wa chumba cha nyuma ya ofisi. Kitanda kilichokuwa wazi chuo kizima kilikuwa kimoja tu, Bweni la Chini, na kilikuwa wazi kwa sababu ambayo Mheshimiwa aliielewa mvua ilipoanza mchana wa kesho yake. Tone la kwanza lilimpata kwenye paji la uso. Alifungua mdomo. Wenzake chumbani walimtazama kwa hamu kubwa. Akaufunga.

Simu ikalia. Alipoona ni mama yake alimwashiria kwa macho Spika, aliyekuwa amekuja kuwatazama wenzake wa zamani, akampa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani? Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo hapa, mama, amepumzishwa kazi ya kusema. Mimi ndiye kaimu sauti yake."

"Haya, niambie basi. Ameshinda?"

Spika alimtazama Mheshimiwa, aliyejikunyata kwenye kona pekee ya godoro iliyokuwa bado kavu.

"Ameshinda, mama. Ameshinda hapa kitandani tangu asubuhi."

Mama alitega sikio.

"Na huo mlio ninaousikia, to, to, to, ni wa nini?"

"Ni lile paa, mama. Lakini hajalalamika."

"Hapo alipo kuna ndoo?"

"Ipo, imejaa."

"Basi mwambie ainuke akaimwage. Hiyo haihitaji sauti."