Bip Tatu Ndani ya Mufuko

Leo haya imenikula muzima-muzima, bandugu. Mbele ya kanisa yote. Tena na micro! Acha nibaelezee mimi mwenyewe, mbele Diacre Kambale, shemasi wetu, abaelezee na kuongeza yake.

Munajua mimi njo chef ya sécurité ya kujitolea kwenye kampeni yetu ya injili, hapa Bungulu, kwenye kiwanja ya mupira. Kazi hiyo habakunipa juu ya masomo (nilifika darasa la tatu, mwalimu akachoka). Balinipa juu nilipona Ebola kule Mangina, na kisha nikanawisha batu mikono kwenye mulango ya kanisa miezi na miezi. Kunawa, batu balinawa. Kunisalimia kwa mukono, hapana. Kambale njo alikuwa anavuka barabara akiniona. Namutaja jina. Iko ndani ya hii groupe yetu ya simu, asome vizuri (mimi nasema, mutoto wangu njo anaandika).

Leo kamati ilikuwa ya kuamua: nibakie chef, ao kazi bapatie mukwe ya Kambale, mwenye diplome na miwani.

Tuje kwenye vifaa. Tuliomba talkie sita, zile redio za mukono. Balitupatia firimbi mbili na gilet tano za kung'aa za kuvaa kifuani (moja ya mutoto). Simu, kila mutu iko nayo, mais unité, ile salio ya kupiga, hapana. Donc nikatunga plan yangu: tutabip, ni kusema unapiga, simu inatetemeka mara moja, unakata. Bip moja: hapa ni salama. Bip mbili: chef, kuja. Bip tatu: hatari, chef anatoa muhubiri mara moja kupitia mulango ya nyuma, bila kuuliza. Simu inakaa mufukoni, inatetemeka tu. Hapana kuangalia écran, juu macho inalinda batu. Unahesabu na paja.

Siku nilieleza ile plan, Kambale akacheka mbele ya kamati: "Na paja? Masomo yako yote iliishia kwenye paja?"

"Paja yangu inajua hesabu kupita mukwe yako."

Niliringa na ile plan wiki muzima. Hata nyumbani. Bibi yangu Kavira, mama ya mutoto wetu Muhindo, alikuwa anachambua maharagi, ananisikiliza, anaitika: "Eeh, bip moja, salama. Nimesikia."

Saa nane, kiwanja imejaa. Muhubiri ni Pasta muzee ya kutoka Butembo, mufupi, mwepesi, mais sauti yake inatikisa mabati. Mimi niko chini ya podium, kifua mbele, ndani ya gilet ya mutoto. (Bakubwa bote balishagawana zingine.) Paluku, mulinzi ya mulango mukubwa, anabip moja. Salama. Nikamuangalia Kambale kwenye viti vya kamati, nikatabasamu kidogo.

Kisha paja ikatetemeka. Moja. Tena. Tena.

Tatu!

Mutu mwenye aliona yale niliona kule Mangina hangojake bip ya ine. Nikaruka juu ya podium.

Pasta alikuwa amenyoosha mukono, anaita kwa nguvu: "Nani iko tayari kuondoka leo?"

"Wewe, Pasta!" Nikamubeba mugongoni kama gunia ya muhogo.

Micro ilibakia mukononi mwake. Haina kamba. Kiwanja yote ikasikia: "Unanipeleka wapi? Kiatu! Kiatu yangu imebaki!" Chorale ikafikiri ni programme, ikaanza kuimba.

Nikatoka mulango ya nyuma, nikapita ndani ya shamba ya batu, nikamuficha nyuma ya choo. Nikapiga firimbi, Paluku akakuja mbio.

"Paluku, hatari iko wapi?"

"Hatari gani, chef? Kwangu iko mama ya karanga tu."

"Nani alibip tatu?"

Nikatoa simu. Herufi zilikuwa zinacheza (hata siku ya amani zinachezaga). Pasta akanipokonya, akasoma kwa sauti yake ile, micro ingali inawaka: "Kavira. Mara tatu."

Kule kiwanja nikasikia: "Iiiiih!"

Pasta mwenyewe akapiga na unité yake, akaweka haut-parleur. Bibi yangu akaitika na furaha: "Baba Muhindo! Kwani haukuhesabu? Ulisema bip moja ni salama. Mimi salama, mama yako salama, mbuzi salama. Ni tatu!"

Kule kiwanja bakacheka mupaka mama moja, baliniambia kisha, akaanguka na kiti yake.

Tuliporudi, Kambale alikuwa amesimama: "Bandugu, mumejionea! Bakamati, tuamue sasa!"

Pasta akapanda podium na kiatu moja. Akasema: "Nimehubiri inje tangu nikiwa kijana. Pakiwa makelele, ba sécurité banakimbiaga, mimi nabakia. Huyu alikimbia na mimi. Wasingya, ndugu." Asante ya kwetu, mbele ya bote. Na ile mikono ilikuwa imekaza shingo yangu tangu podium mupaka kwenye choo! Tangu Mangina, hakuna mutu ya kanisa alinikamata vile.

Kamati ikaamua nibakie. Présidente ya kamati akasema kila mutu anipe mukono ya pongezi. Kambale akakuja wa mwisho. Akaleta vidole tu. Nikangoja mupaka akaleta mukono muzima, nikaukaza mara moja tu. Salama.

Mucheke, hapana neno. Mais leo hapana mutu kunibip: paja yangu ingali inaogopa.