Joto Rasmi la Keekee

"Hivi, Lorraine, huko kiwandani kwenu mpaka aje msomi ndipo mjue chuma kina moto?" Delbert, jirani yake, alimuuliza hivyo siku moja akikwangua theluji mlangoni.

"Zamani hatukumhitaji," alijibu Lorraine Kubiak. "Sasa tuna Idara."

Na kweli Idara ilikuwapo. Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa kiwanda kile cha mjini Saginaw: kuanzia Jumatatu, joto la keekee za kutobolea chuma litajulikana kisayansi, na ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote kulitambua kwa macho, pua au uzoefu.

Mkurugenzi wa Idara hiyo, Bwana Thaddeus Pruitt, alikuwa mtu makini. Alinunua kipimajoto cha waya mwembamba, cha bei mbaya, akakipachika ndani ya keekee. Kwa kuwa joto lingeweza kukiharibu, aliagiza keekee izungushwe hewani tu, isiguse chuma. Vipimo mia nne vilichukuliwa. Vyote vilisema nyuzi sabini na mbili za Farenhaiti, yaani joto la sebuleni. Kompyuta ikalishwa vipimo hivyo, ikatafakari wiki mbili, ikatoa mchoro wa rangi za kupendeza uliothibitisha kwamba keekee haipati moto kamwe.

Sasa zile keekee kumi na sita zilizogeuka buluu na kuwa butu kwenye mashine ya Lorraine, ziliharibiwa na nani? Na Lorraine, bila shaka. Fomu iliandaliwa: akiri uzembe, aondoke, na miaka yake kumi na tisa ya kazi aiache getini.

"Mama, weka saini tu, tusichoshane," Pruitt alimwambia siku ambayo mwenye kiwanda, Bi. Ostrander, alikuja kujionea matunda ya Idara.

"Mwanangu, nilikwambia mafuta ya kupoza hayafiki kwenye ncha. Vipande vya chuma vinatoka buluu kwa moto, kama jinzi za marehemu mume wangu."

"Rangi si takwimu, Mama."

"Haya. Nitoboe tundu moja basi, tajiri auone uzembe wangu."

Akasema bismillahi ya Kikristo kimoyomoyo, akawasha. Chuma kikalia, mafuta yakafuka moshi, vipande vya buluu vikaruka. Akazima mashine, akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Itoe, Mkurugenzi, umwonyeshe. Si ina joto la sebuleni?"

Pruitt akaitazama keekee. Kwenye mashine zile glavu ni mwiko, isije ikanaswa ikavuta mkono. Huko Saginaw hata mpishi wa kantini anajua. Mkono wake ukaenda, ukasita, ukarudi mfukoni, ukatoka na leso.

"Leso ya nini?" aliuliza Bi. Ostrander.

"Ya... usafi, Bi mkubwa."

Akaishika keekee kwa leso; neno halijamtoka sawasawa, leso ikanuka kuungua. Akaiachia kwa mruko ambao haukuwamo katika mchoro wowote.

Bi. Ostrander hakucheka. Aliichukua fomu mezani, akakata jina la Lorraine kwa mstari mmoja, akamsogezea Pruitt pamoja na kalamu.

"Jaza wewe. Hapo kwenye 'uzembe' pana nafasi ya kutosha. Pasipotosha, geuza nyuma."

Pruitt alipuliza vidole vyake, akatia saini kwa mkono wa kushoto, akachukua koti, akatoka.